Ndoo ya Rune

Alhamisi, 10 Januari

Kinyaa! Sina neno jingine.

Baridi ya mwaka huu ni zamu ya Rune kuchagua tutakachojifunza. Tangu tustaafu ndivyo tunavyofanya — mwaka mmoja mimi, mwaka mmoja yeye. Mimi nilituletea kujalidi vitabu. Kitu safi, gundi na karatasi. Yeye kachagua kutengeneza ngozi za samaki. Haya, nikasema, ngozi ni ngozi. Leo kwenye duara letu la masomo, pale maktaba, mwalimu kaeleza kwa uso mkavu kwamba zamani zililainishwa kwa mkojo uliolala. Wenzetu wote wakachagua maji ya magome ya miti. Mume wangu akanyoosha mkono. Eti anataka njia ya asili! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumapili, 13 Januari

Ndoo iko bafuni. Ina kifuniko, lakini kile kifuniko ni cha kujidanganya tu. Kila asubuhi anachangia kwa moyo mkunjufu huku akipiga mluzi. Leo kaniomba na mimi nichange!

"Masomo ni ya wawili, bibie."

Nikamwambia akachangishe majirani. Sasa naenda kuoga kwenye bwawa la kuogelea la mji, na theluji hii. Mimi, mwenye nyumba yangu!

Jumamosi, 19 Januari

Ngozi za samoni zimefika. Kapewa bure na muuza samaki, na mtu akikupa kitu kama kile bure, ujue. Kazikwangulia juu ya meza yangu, ileile ninayokandia mikate ya mdalasini. Utelezi wa kijivu mpaka kwenye droo ya vijiko. Magamba kwenye bakuli la sukari. Moja nimelikuta kwenye kahawa yangu — kwa ulimi! Ptuu! Nimesukutua mara sijui ngapi na bado nalisikia.

Na yeye katulia tuli! Rune huyuhuyu, mtu wa Malmö, kule kusini, ambaye maisha yetu yote ya ndoa anatukimbia kila Agosti, sisi watu wa pwani ya huku kaskazini tunapofungua makopo yetu ya samaki waliovundikwa mpaka wananuka. Dada Asta akitoboa kopo uani, Rune huyo, yuko barabarani. Mwaka mmoja alikula viazi vyake ndani ya gari, vioo vimefungwa. Maziwa yakikaribia kuchacha alikuwa anajua kabla sijafungua friji. Pua ya mbwa, tulikuwa tunamwita.

Nimemuuliza: hivi wewe husikii harufu?

Kasema harufu gani, hakuna harufu, nimezidi kudeka.

Kudeka! Mimi!

Jumatano, 23 Januari

Lennart wa ghorofa ya juu kabisha hodi. Kauliza kwa adabu kubwa kama tuna mnyama aliyetufia. Rune kacheka mpaka kashika ukuta. Mimi aibu ilinijaa usoni. Mlango ulipofungwa nikamwambia leo achague, ndoo au mimi.

"Ndoo inaondoka mwezi ujao," kasema. "Wewe je, unaondoka lini?"

Fedhuli! Nimecheka. Halafu nimekasirika kwa sababu nimecheka.

Jumatatu, 28 Januari

Narudi kutoka bwawani — moshi mpaka kwenye ngazi! Maziwa yameungua, sufuria imekuwa mkaa. Na Rune kakaa palepale jikoni, mgongo kwa jiko, anakwangua ngozi. Nikamfokea, unataka kutuchoma moto wewe mzee? Akageuka. Akashtuka kweli, kalamba midomo, kasema hakujua, kazi ilimzamisha.

Kakwangua sufuria mwenyewe. Hakupiga mluzi.

Alhamisi, 31 Januari

Sikwenda kwenye duara, nimemwacha Rune aende peke yake. Nikampigia dada Asta nimmwagie yote — ndoo, magamba, Lennart, maziwa. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniuliza polepole: kwani Sixten alianzaje?

Sixten ni kaka yake Rune. Siku hizi analishwa. Mikono inamtetemeka, kifungo cha shati hawezi kukifunga. Na kabla ya mikono ilikuwa pua, haikunusa tena. Mkewe alitusimulia mwenyewe: mwaka mzima Sixten analalamika chakula hakina ladha, na sisi tunamcheka, eti uzee umemfanya mchaguzi.

Nikamwambia Asta asiniletee uchuro. Nikakata simu. Dada yangu mwenyewe, nimemkatia simu!

Tangu majani yaanze kupukutika Rune anaongeza chumvi kwenye kila ninachopika. Mimi nilinuna. Nilidhani anadharau mapishi yangu.

Jumamosi, 2 Februari

Kule nyuma kabisa ya friji kuna kopo alilonipa Asta mwezi wa Agosti. Limevimba kama tumbo la mlafi. Hakuna mtu mwenye akili zake anayelifungua ndani ya nyumba.

Nimelifungua. Jikoni. Madirisha yote yamefungwa.

Rune alikuwa mezani, kanipa mgongo, anainyoosha ngozi kwenye ubao huku akipiga mluzi. Nikalitobolea kwenye sinki. Lilifoka mpaka kwenye pazia. Mayai viza, siagi iliyooza, choo kilichoziba — yote pamoja, usoni. Mimi niliyelelewa na harufu ile nilitapika kidogo mdomoni, nikameza. Nikasimama namwombea moyoni. Inuka, mume wangu. Nitukane. Kimbia na soksi mpaka barabarani. Ndoo ibaki milele, nitachanga na mimi, nitachanga kila siku!

Kainua ngozi kwenye mwanga.

"Tazama ilivyolainika! Nitakushonea kipochi."

Nikafungua madirisha. Juu, Lennart akaanza kugonga bomba na kupiga kelele, jamani, kuna nini huko!

Rune kageuka, miwani kwenye paji la uso.

"Funga basi, Gunnel, baridi inaingia. Na mbona unalia?"

Nikasema vitunguu. Nikaja chumbani, nimekaa kitandani, naandika ili mikono ipate kazi.

Mluzi umekoma. Kiti kimesogezwa. Namsikia anakwenda kwenye sinki. Hapo sasa ameliona kopo, na kopo lile analijua, kila Agosti analikimbia.

Anavuta hewa kwa pua. Kwa nguvu. Anavuta tena. Na tena.