Kitufe cha Mama

Mdogo wangu mpenzi,

Huku vifaranga wametotolewa salama. Nimefunga kile kifaa kinachopiga simu chenyewe bandani kukiharibika kitu: njia yake ya kwanza ya kutoa taarifa ni ya umeme kukatika, ya pili ni ya joto kushuka. Sauti ya kusikika simu ikipokelewa nilimwachia Mama arekodi. Alisalimia, akaulizia watoto mpaka muda ukaisha, umeme wenyewe hakuutaja! Tulirudia huku tukicheka.

Njia ya tatu nimeiunganisha na kitufe kando ya kitanda chake. Wiki jana alianguka bafuni, akalala sakafuni mpaka niliporudi. Alinikataza kukwambia. Nyonga bado inamuuma, lakini anatembea. Namba yako ndiyo ya kwanza kupigiwa, maana kazini kwetu simu tunaziacha mlangoni.

Kitufe alikikataa. "Kwani mimi kifaranga?" Baadaye akauliza, "Nikibonyeza, kinampigia mdogo wako?"

"Ndiyo, Mama."

"Hata nikiwa mzima?"

"Hata ukiwa mzima."

Akakivuta karibu na mto.

Basi kikikupigia, mpigie jirani haraka aende kumwona. Akikwambia Mama hana neno lolote, mpigie Mama mwenyewe, muongee.

Dada yako akupendaye.