Safu ya Chumvi

Jumatatu, 14 Julai

Sijamwambia mtu yeyote. Safu ya tano siijazi kwa kuuliza. Naijaza kwa kuangalia nani anatia chumvi.

Leo kama kawaida. Alfajiri nilipita bweni la chuo, njiani kwenda shule. Upepo wa ziwa ulikuwa mkali, vidole vyangu baridi kama samaki. Wachezaji kumi wa mpira wa pete. Nawashika kifundo cha mkono wakiwa bado kitandani na kuhesabu mapigo ya moyo kwa saa ya baba. Safu ya kwanza: mapigo. Ya pili: usingizi. Ya tatu: chakula. Ya nne: uchovu, moja hadi kumi. Ya tano: siku za mwezi.

Utafiti si wangu. Ni wa Dada Chanda, binti wa shangazi, mwanafunzi wa ualimu wa michezo mwaka wa mwisho. Anataka kujua kwa nini wasichana wa timu ya chuo chake wanachoka sana katikati ya muhula. Jumatatu hadi Ijumaa yuko shule ya Puta, anajifunza kufundisha, kwa hiyo kazi ya kuandika alinipa mimi. Alisema mwandiko wangu ni msafi. Alisema pia: uliza kila mmoja, kila siku.

Safu nne naweza. Ya tano siwezi. Naona haya.

Lakini jioni wanapika nje, kila mmoja na sufuria yake juu ya mbaula ya mkaa. Na bibi, mama wa baba, alinifundisha kwamba mwanamke akiwa mwezini hatii chumvi kwenye mboga. Anamwita mwingine amtilie. Basi nakaa pembeni na kitabu cha biolojia. Anayeita mwingine, naandika ndiyo. Anayetia mwenyewe, hapana. Wiki tisa sasa.

Naandika haya kwa Kiswahili, lugha ya mama yangu. Binamu ninaolala nao chumbani, hapa kwa shangazi, hawajui kuisoma. Mama yuko kisiwani Chisenga, ananunua samaki. Kama angekuwepo labda ningemwambia. Labda hapana.

Jumatano, 16 Julai

Furaha anatia chumvi mwenyewe. Kila jioni. Nimerudi nyuma kurasa zote. Hapana, hapana, hapana.

Kitabu alichoniazima Dada Chanda kinasema mwili unaofanya mazoezi mengi na kula kidogo unaweza kusimamisha siku za mwezi. Baadaye mifupa inadhoofika. Furaha ndiye mfungaji wao bora, na asubuhi hali kitu. Alivuka ziwa akiwa mtoto, wakikimbia vita ng'ambo, akapitia kambi ya wakimbizi ya Kenani. Labda mwili wake umezoea njaa.

Naogopa kwa ajili yake. Pia najivunia, na hilo linanitia aibu. Nimegundua kitu.

Jumamosi, 19 Julai

Dada Chanda amerudi kutoka Puta. Alisoma kurasa za Furaha mara mbili. Akaniuliza kama nilimuuliza vizuri. Nikaitikia kwa kichwa.

Kwenye barua ambayo wachezaji walitia sahihi imeandikwa kwamba hatari ya afya ikionekana, kocha ataambiwa. Amekwenda kumwambia.

Jumanne, 22 Julai

Kocha amemtoa Furaha mazoezini mpaka alete barua ya daktari. Tarehe mbili kuna mechi na wageni kutoka Mansa, na wateuzi wa timu ya mkoa watakuja kuangalia. Furaha amejiandaa kwa siku hiyo mwaka mzima.

Sijui habari imetokaje kwa kocha. Jioni penye mbaula wote walikuwa nayo.

"Mfungaji wetu ameumeza mpira," Mutale alisema, akajishika tumbo na kutembea kama mjamzito. Walicheka mpaka mmoja akaunguza mboga. Mutale ndiye mwenye mdomo kuliko wote. "Mwape, njoo mama, nitilie chumvi. Leo mikono yangu imefungwa."

Nikatia. Nikaandika: Mutale, ndiyo. Furaha alikuwa ametupa mgongo, akisonga bukari, ugali wa kwao. Akatia chumvi mwenyewe kwenye mboga.

Sikula nyumbani. Nilisema kichwa kinaniuma.

Alhamisi, 24 Julai

Nimemuuliza.

Alikuwa bombani, anajaza ndoo. Nilisema maneno yote kwa pumzi moja, nikiangalia ndoo.

"Siku zangu?" Furaha alisema. "Niko nazo leo. Mwezi ulipita pia. Zinakuyaka kwa wakati, kama kengele ya kanisa. Nani alisema hapana?"

Nikamweleza habari ya chumvi. Alicheka mpaka akashika bomba asianguke.

"Eh, Mungu wangu! Kwetu chumvi ni chumvi tu, mutoto. Nasikiaka banasema ile mambo hapa. Mama yangu hakunifundisha." Kisha akaacha kucheka. "Na weye, sababu ya nini haukuniuliza?"

"Niliona haya," nikasema.

"Haya yako ndo imenitoa mu timu."

Akajitwika ndoo, akaondoka. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Jumamosi, 26 Julai

Nimemwambia Dada Chanda kila kitu. Hata kwamba niliitikia kwa kichwa tu.

"Wote kumi?" akauliza. "Wiki zote?"

Wote. Zote.

Alichukua rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari katikati ya safu ya tano, ukurasa baada ya ukurasa. Ilichukua muda mrefu. Nilikaa nikisikia kalamu. Mwisho akasema, "Mwape, ungeniachia safu tupu ningejua ni tupu."

Tulikwenda kwa kocha pamoja. Niliongea mimi. Kocha alisema Furaha arudi mazoezini, lakini orodha ya mechi ilishapelekwa jana. Haibadilishwi.

Nilikwenda kumwambia Furaha mwenyewe. Akaniuliza kama nimemaliza. Nikasema ndiyo. Akafunga mlango.

Jumatatu, 28 Julai

Safu nne tu; ya tano naiacha tupu. Hakuna anayeniita mama.

Jumamosi, 2 Agosti

Wamefungwa. Furaha alikaa benchi akilinda ndoo ya maji. Wateuzi waliandika majina mawili, na hakuwa mmojawapo. Katika robo ya tatu ya mchezo Mutale alianguka katikati ya uwanja. Alisema ni jua. Palikuwa na mawingu na upepo.

Jumatatu, 4 Agosti

Shule yetu imefungwa, chuo bado. Dada Chanda amenipa daftari jipya.

Asubuhi nilisimama bwenini nikawaambia wote nilichofanya. Baadhi walicheka. Mmoja alikasirika, na ana haki. Kisha nikauliza, mmoja mmoja, nyuma ya bweni, mahali pasipo na masikio ya watu.

Nilianza na Furaha. Alisema, "Hapana, zimeisha." Alifika kwenye kona akageuka. "Kesho uniulize tena."

Mutale alikuwa wa mwisho. "Unaniuliza nini? Si wewe unayenitilia chumvi?"

Nikauliza tena. Nikasubiri. Kusubiri ni kugumu kuliko kuuliza.

Aliangalia ziwa. Tangu Machi, akasema, hajaona kitu. Si mimba, alishapima. Anakula kidogo ili awe mwepesi uwanjani, na kichwa kinazunguka. Kila mwezi alikuwa anachagua siku nne na kumwita mtu atie chumvi, ili wasije wakasema juu yake yale aliyoyasema juu ya Furaha.

Niliandika: hapana, tangu Machi. Nikamwonyesha nilichoandika. Nikamuuliza kama naweza kumwambia Dada Chanda. Alikubali. Kocha, alisema, atamwambia yeye mwenyewe.

Tukaenda kliniki kwa miguu, tukipita wanawake wanaoanika samaki mchangani. Hakufanya utani hata mmoja. Foleni ilikuwa ndefu. Nilimnunulia andazi, akala nusu, baadaye akala nusu nyingine. Jina lake lilipoitwa alinipa mkoba wake nimshikie. Nikakaa kwenye benchi mpaka akatoka.

Jioni, walipokuwa wanapika, sikwenda kuangalia. Nilibaki nyumbani, nikachonga penseli za kesho.