Afisa Anamhoji Mke Wangu Tu, Nami Ndiye Mwenye Kasoro

Shangazi Olwen mpendwa, nisaidie kabla Alhamisi haijafika, maana Alhamisi afisa wa ustawi wa jamii anarudi tena nyumbani kwetu, mke wangu ameshanunua siagi ya kupikia keki, na mimi sijui kama nifungue mdomo au niendelee kukaa kimya kama nilivyozoea, na hicho kimya ndicho hasa kilichonifanya nikuandikie.

Naitwa Meirion, naendesha lori la taka hapa Llanelli, na mke wangu Siwan anafundisha watu kuendesha gari, na sijaona binadamu mwenye subira kama yake, mtu anayeweza kukaa kiti cha abiria huku mwanafunzi anaelekea ukutani, naye akasema kwa upole, haya, sasa tujaribu breki. Siwan alipozaliwa aliandikwa mvulana, akaishi hivyo kwa tabu mpaka alipomaliza chuo, ndipo akawaambia wazazi wake kwamba yeye ni mwanamke na ndivyo alivyokuwa siku zote, nao baada ya vumbi kutulia wakamkubali, na mimi nilipokutana naye kwenye harusi ya binamu yangu alikuwa ameshakuwa Siwan tangu zamani, akanieleza mambo yote hayo tukiwa kwenye foleni ya chipsi, nami nikamwuliza kama anataka siki. Tukaoana, na tumekaa vizuri.

Sasa tunataka kuasili mtoto, na wewe unajua kazi yake, unachunguzwa kuanzia utoto wako mpaka chini ya kitanda, na hilo sina ubishi nalo kwa sababu watoto wenyewe wameshaumia vya kutosha. Tumepewa afisa anayeitwa Lowri, dada mdogo tu, mwenye adabu, lakini Shangazi, tangu aanze kuja maswali yote ni ya Siwan. Mara ya kwanza aliuliza utoto wake, sawa, kila mtu huulizwa. Akaja tena akauliza mtoto atamwitaje, Siwan akasema Mam, kama watoto wote wa mtaa huu wanavyoita mama zao. Akaja tena akauliza wazazi wengine getini shuleni watasemaje, halafu kama Siwan amewahi kujutia, halafu akasema amehudhuria semina na hataki kukosea, kwa hiyo angependa kujua Siwan anapenda maneno gani yatumike na yapi yasitumike, kisha akamshukuru kwa ujasiri wake, akamshukuru tena akiwa anavaa koti, mpaka Siwan akanifuata jikoni akaniambia amechoka kuwa shujaa, anataka aulizwe kama anajua kupika viazi.

Na mimi je? Mimi niliulizwa, "Na wewe, Bwana Meirion, uko sawa na haya yote?" Nikasema niko sawa. Tukaongea raga. Siku nyingine nilimbebea mwavuli mpaka kwenye gari, akanishukuru, na huo ndio uchunguzi wangu wote. Kilichonikaba ni siku aliyomgeukia Siwan akamwambia, "Una bahati, dada. Mumeo ni mtulivu sana." Siwan akaangalia ndani ya birika la chai kana kwamba kuna kitu kimetumbukia humo.

Mimi si mtulivu, Shangazi. Mimi nikikasirika nanyamaza. Sipigi, situkani, sivunji kitu, nanyamaza tu, na ninaweza kunyamaza kutwa, naweza kunyamaza siku mbili, nakula, nafua, nalisha njiwa wangu, na simsemeshi mtu, na baba yangu alikuwa hivyo hivyo, na mama alituambia mwacheni, yuko kwenye hali yake. Siwan amenizoea, au niseme amechoka kupambana. Lakini majira ya joto yaliyopita dada yangu Nerys alituachia binti yake, Cadi, ana miaka sita, na Jumamosi asubuhi mtoto alifungua mlango wa banda la njiwa ili wakaone bahari, njiwa ambao kesho yake walikuwa na mashindano ya kuruka, na mimi sikumgombeza hata kidogo, nilikwenda kukaa bandani, nikarudi kula, nikaenda tena. Jumapili akaja akasimama nje ya banda akauliza, "Mjomba, umeacha kunipenda, au bado kidogo?" Nami nilimsikia vizuri sana na sikumjibu. Sikuweza. Mdomo ulikuwa umefungwa kama wa baba yangu.

Sasa Shangazi, mtoto tutakayepewa ni mtoto ambaye tayari kuna watu waliowahi kumwacha. Hata mimi niliyeacha shule mapema naona kwamba mtu kama mimi anahitaji kuulizwa maswali. Nikamwambia Siwan nataka kumweleza Lowri. Siwan alikuwa anakunja nguo, akaacha.

"Usithubutu," akasema.

"Si ni ukweli?"

"Ni ukweli. Lakini wewe ukisema nyumba hii ina tatizo, unajua watalitundika kwa nani? Watasema mume amenyong'onyea, anaficha mambo moyoni, kwa sababu ya mke aliyenaye. Mimi ndiye nitakayekuwa tatizo lako, Mei."

Ninaona aibu kusema kwamba nilinyamaza mpaka jioni. Mwenzangu wa kazini, Dilwyn, yeye anasema, "We kaa kimya tu, ndicho kipaji ulichopewa, kitumie." Naogopa nikisema nitamharibia mke wangu jambo analolitamani kuliko yote, na naogopa nisiposema nitamharibia mtoto nisiyemjua bado. Nishike lipi?

Meirion, Llanelli

SHANGAZI OLWEN ANAJIBU

Meirion mwanangu,

Kwanza nikupongeze, maana wanaume wanaoniandikia hueleza makosa ya wake zao kwa kurasa nne, na yao huyataja chini kabisa, karibu na jina. Wewe umejitaja mwenyewe. Pongezi zimeishia hapo.

Mtoto wa miaka sita alikuuliza kama umeacha kumpenda, nawe ukamwacha asimame pale. Majira ya joto yalishapita, na katika barua yako yote sioni mahali ulipomjibu. Kabla hujasoma sentensi inayofuata, weka gazeti chini, mpigie Nerys, uombe kuongea na binti yake. Mwambie ulikasirika kwa sababu ya njiwa, kwamba hukuacha kumpenda hata dakika moja, na kwamba kutomjibu lilikuwa kosa lako. Kumbuka ni lako, usimchanganyie kidogo na lake.

Umerudi? Vizuri. Sasa tuje kwa Lowri, kwa sababu najua maafisa wa ustawi husoma safu hii, hata wale wanaosema wanatazama utabiri wa hali ya hewa tu.

Binti huyo si mbaya. Ana woga. Kuna afisa atakayeingia nyumbani kwa mtu kama Siwan akiwa na mashaka, na kuna atakayeingia akiwa amebeba shada la sifa, na wote wawili hutoka bila kumjua mwenye nyumba. Jinsia ya Siwan ni sehemu ya maisha yake, kwa hiyo iulizwe, tena iulizwe vizuri: safari hiyo ilimfundisha nini, nani alisimama naye, nani alimwacha, mtoto akitaniwa shuleni kwa sababu ya mama yake wataongea naye vipi. Hayo ni maswali ya maana na yana mwisho. Baada ya hapo mwulize kuhusu viazi. Mwulize hukasirishwa na nini, hulala saa ngapi, alilelewa kwa kofi au kwa maneno, akiumwa nani humpikia supu. Ukimfanya mtu shujaa humwachii nafasi ya kuwa mama mwenye uchovu siku ya Jumanne, na mtoto ataletewa mama wa Jumanne, siyo shujaa.

Na wewe, dada Lowri, ulipomwona mwanaume mwenye lori, mke na mwavuli, ukahisi kazi imekwisha. Mwanaume wa kawaida naye ana jinsia yake, nayo alifunzwa na mtu. Huyu alifunzwa na baba yake kwamba mwanaume akiumia huingia bandani. Hilo nalo lilikuwa swali la semina, ila hakuna aliyeliuliza.

Nakurudia, Meirion. Siwan ana haki ya kuogopa. Hajabuni. Kuna watu ambao kila kikombe kikivunjika katika nyumba yenu watamtazama yeye. Kwa hiyo ushauri wangu una masharti, na usiruke hata moja.

Usimwambie Lowri chochote mpaka umekaa na mkeo mkakubaliana. Ukienda kuungama kwa siri, hata kwa nia njema, utakuwa umemfanyia yale yale unayomfanyia kila siku, kuamua mambo peke yako na kumwachia matokeo. Mwambie hivi: nitasema mbele yako, nitasema ni langu, nitasema lilianza kabla sijakujua, na mtu yeyote akijaribu kulisogeza upande wako nitalirudisha kwangu kwa sauti. Akikataa siku hiyo, msikilize, halafu mwombe tena kesho yake. Nadhani atakubali. Mwanamke aliyechoka kuwa shujaa amechoka pia kuwa mlinzi wa siri ya mtu mwingine.

Pili, usiende mikono mitupu. Tafuta mtu wa kukusaidia na hicho kimya, mtu mwenye kazi hiyo, siyo Dilwyn. Na wakati unasubiri miadi, jifunze sentensi moja: "Nimekasirika, siendi popote, nitaongea baada ya chai." Ifanyie mazoezi ndani ya lori. Itakuwa kavu mdomoni mwanzoni. Iseme hivyo hivyo.

Wanaweza kuwachelewesha. Wanaweza hata kukataa. Lakini kama wakikubali bila kukujua, watakuwa wamemkabidhi mtoto kwa mtu ambaye hawajawahi kukutana naye. Alhamisi uwe umeoga, na uongee.

BARUA YA PILI KUTOKA KWA MEIRION

Shangazi Olwen, umesema nikuambie ilivyokwenda, au hukusema lakini Siwan anasema ni ustaarabu.

Cadi nilimpigia siku ile ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, kisha akauliza kama njiwa waliiona bahari. Nikamwambia waliiona. Akasema basi.

Siwan hakukubali mara ya kwanza wala ya pili. Mara ya tatu alisema, "Haya, lakini ukianza kunung'unika kama kawaida yako, naongea mimi." Kwa hiyo Alhamisi ile ikapita na keki tu, na iliyofuata ndiyo nikasema, Siwan kando yangu, nikiangalia zulia. Nilimaliza, Lowri akafunga kalamu yake na kuiweka kwenye kisahani. Akasema, "Nilikuwa naogopa sana kumkosea Siwan, nikasahau kumfahamu. Na wewe sikukuogopa, kwa hiyo sikukutazama." Kisha akamgeukia Siwan akamwuliza, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja, huwa anakasirishwa na nini.

"Watu wanaoacha mlango wa friji wazi," Siwan akasema. "Na huyu."

Baada ya hapo zamu ikawa yangu, na Shangazi, sikujua mtu mdogo vile anaweza kuwa na maswali mengi vile. Nilitoka na shati limelowa. Siwan alikuwa sebuleni, miguu juu ya meza, anatazama mashindano ya bustani kwenye televisheni, mwanamke asiyeulizwa kitu.

Lile aliloliogopa lilikuja, nikuambie ukweli. Bosi wa Lowri alifika kutuona, mama wa makamo mwenye miwani kifuani, akauliza kwa sauti ya huruma kama kimya changu hakitokani na mzigo wa ndoa yenye mambo mengi kama yetu. Nilifungua mdomo, lakini Lowri alinitangulia. Akasema, "Hapana. Bwana Meirion alikuwa hivi kabla hajamjua Siwan. Swali hilo tumwulize kuhusu yeye mwenyewe." Mimi nikaongeza kwamba ni kweli, na kwamba ndoa yangu ndiyo kitu pekee kilichowahi kunifukuza kutoka bandani. Mama yule akavaa miwani yake, akaanza upya.

Walituchelewesha mpaka kiangazi. Nilikwenda kuonana na mzee mmoja wa Swansea anayeshughulika na watu kama mimi, wengi zaidi ya nilivyodhani, na ile sentensi yako nimeisema mara nyingi, na Dilwyn ameniomba niache kuisemea ndani ya lori.

Wiki iliyopita jopo linaloamua maombi ya kuasili lilikaa. Lowri alipiga simu mchana tukiwa tunamenya viazi, akasema wamekubali, na kwamba kuna dada wawili, wa miaka minne na mitano, ambao angependa tusikie habari zao. Siwan hakulia. Alisema asante, akauliza kama wana mzio wa chakula chochote, akakata simu, akaosha mikono.

Aliyelia ni mimi, tena kwa sauti, nimeegemea sinki, nikisema kila kilichonijia, majina, vitanda, shule, baba yangu, sijui nini tena, mpaka jirani yetu Bibi Pritchard akaja kugonga mlango kuuliza kama kuna msiba.

"Hakuna msiba, Bibi," Siwan akamwambia. "Ni Meirion anaongea."