Nilivyomsifu Nyamweri Mbele ya Bwana Shauri

Mgori, Singida
Ijumaa, baada ya sala

Kwa dada yangu Mwanaidi, Korogwe

Shikamoo, dada. Naomba barua hii ikukute unaweza kuinuka bila kushika kiuno, na shemeji awe amepona kikohozi, au walau ameacha ugoro. Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia. Barua hii haipiti posta. Nampa mkononi dereva wa lori la ngozi, mtu ninayemwamini. Shemeji akimaliza kukusomea, itieni motoni. Usicheke. Najua kila nikisema siyo mzaha huwa ni mzaha, lakini safari hii siyo.

Nilikwambia kwamba kitabu chetu cha historia kinaanza siku Mzungu wa kwanza aliposhuka melini. Ukikisoma utadhani kabla ya hapo tulikuwa tumelala tu. Basi nikaanza kuwaeleza wanafunzi mambo mengine: wafalme wa kusini waliojenga kuta za mawe bila tope, malkia aliyewasumbua Wareno mpaka akazeekea vitani, wasomi wa kule jangwani waliokuwa na vitabu vingi kuliko ng'ombe. Siku moja msichana wa nyuma kabisa akauliza, "Mwalimu, na Nyamweri yumo?"

Sikumjua Nyamweri mimi. Nikaenda kumwuliza binti yake, Mama Njoghomi, ambaye mwenyewe sasa ni kikongwe. Akanieleza. Wakati wa vita ile ya kwanza, Wajerumani walikuwa wakizoa wanaume kubeba mizigo ya jeshi, nao hawarudi. Nyamweri akawaficha vijana wa kijiji ndani ya pango huko msituni, penye chemchemi isiyokauka. Wanawake wakawa wanakwenda kuokota kuni, na ndani ya matita ya kuni mna unga. Mbegu za uwele nazo alizificha humohumo, kwa hiyo njaa ilipokuja baada ya vita, watu wa hapa walikuwa na cha kupanda. Uwele ninaoula mimi leo ni uzao wa mbegu zile. Sasa niambie, mama huyo si wa kuwekwa kitabuni?

Mama Njoghomi akanipeleka hadi pangoni. Njia nzima alinicheka ninavyohema. "Walimu wote wa pwani wako hivi, au wewe ndiye waliyekosa pa kumpeleka?" Nikamwambia Korogwe siyo pwani. Akasema kwake yeye kote ni pwani.

Tulipofungua darasa jipya, Bwana Shauri, Mwingereza anayetawala wilaya hii, alikuja, na mtemi, na jumbe wetu, na wazee wote. Wanafunzi wakaigiza habari za Nyamweri. Dada, walicheza vizuri mno! Pango, chemchemi, matita ya kuni, vyote vilikuwemo. Askari wa Kijerumani walipozungushwa msituni mpaka wakapotea, Bwana Shauri alicheka hadi akavua miwani, maana Mjerumani akichekwa yeye hufurahi. Wakapiga makofi. Nami unanijua nikipigiwa makofi. Nikasimama nikasema, "Na pango hilo lipo mpaka leo! Nimefika kwa miguu yangu mwenyewe."

Upande wa wazazi makofi yakakatika. Mama mmoja akamvuta mwanawe karibu.

Bwana Shauri akavaa miwani yake. "Jumbe, liko wapi pango hilo?"

"Mimi, Bwana? Mimi nimezeeka. Nimesahau."

Akamwuliza mzee wa pili. "Hizo ni hadithi za wanawake, Bwana."

Wa tatu akasema macho yake siku hizi hayafiki msituni.

"Basi Mwalimu atanipeleka," akasema Bwana Shauri kwa upole kabisa. "Jumamosi. Napenda kumpa heshima mama huyo."

Hapo ndipo nilipofunguka macho, nimechelewa. Tangu mvua zikatike, jumbe ameagizwa atoe vijana wa kwenda kwenye mkonge kwa ajili ya vita hii ya sasa, na vijana hawaonekani. Mimi nilidhani wamekwenda kwa wajomba zao Ilongero. Wewe unawaona manamba, vibarua hao wa mkonge, wanavyoteremshwa hapo stesheni kwenu. Ni wewe uliyemwambia shemeji aniandikie habari za yule kijana wa Kinyaturu, kabila la huku, uliyemfunika kwa kanga yako mwenyewe, akazikwa bila mtu kulijua jina lake. Wenzake wako katika pango la Nyamweri, na mimi ndiye niliyesimama kulitangaza.

Hakuna aliyenitukana. Maziwa naletewa kama kawaida, na salamu naitikiwa kwa adabu. Ila nikipita watu huacha kuongea, wakasubiri niende. Askari wamepiga hema ukingoni mwa msitu. Kila mwanamke anayetoka nyumbani na mzigo, wanaufungua. Hawakujua kufungua mizigo kabla ya mchezo wetu.

Jana nilikwenda kwa Mama Njoghomi. Nilimkuta anapepeta uwele, hakuinua kichwa.

"Mwalimu, habari za makofi?"

"Mama, mimi sikujua."

"Ungejuaje? Nilikuonyesha kwa sababu wewe mgeni. Nikasema, mgeni atamwambia nani? Kumbe mgeni ana Bwana Shauri."

"Wako wangapi humo?"

"Usiniulize. Ukijua utawapanga mstari uwaite majina."

Nikamwuliza kwa nini wasihame. Akaniambia msitu wote umekauka, maji yako pale tu. Tena mmoja ana mguu umevimba, hakanyagi chini. Ni mjukuu wake. Alilisema hilo kama anayesema habari za mbuzi, lakini ungo ulikuwa umesimama mikononi.

"Basi Bwana Shauri nitampeleka kwenye pango la fisi," nikasema, "lile la upande wa machweo."

"Lile kavu. Na wewe umeimbisha watoto habari za chemchemi."

"Nitasema imekauka."

"Wewe? Uongo huuwezi. Siku ya kwanza ulipokula ugali wangu ukasema mtamu, shingo yote ilitoka jasho." Akaanza kupepeta tena. "Nitakuja nanyi. Nitalia pale mlangoni kwa fisi. Binti wa Nyamweri akilia juu ya jiwe akimtaja mama yake, nani atasimama aseme siyo lenyewe? Wewe utanyamaza tu. Utaweza kunyamaza?"

Nikasema nitaweza. Akanitazama, wala hakucheka.

Safari ni kesho. Wakigundua, kazi imekwisha, na jela haiko mbali. Mwezi ujao usipopata neno langu, usije huku kuniulizia, wala usimtume shemeji. Ila behewa la manamba likifika hapo kwenu, nenda kaangalie. Uliza kama yumo wa kutoka Mgori. Mpe maji, umwulize na jina lake.

Nisalimie shemeji, na mwambie ugoro huo utamzika. Msalimie mama mkwe wako, na mjomba fundi seremala, na binti yako wa kwanza aliye na mimba. Akijifungua wa kike, mimi nina jina la kumpa.

Dereva ananipigia honi. Nimetoka sasa hivi kumwona Bwana Shauri, alitaka kujua tutaondoka saa ngapi. Askari wake walikuwa wamekaa kivulini wanakata kamba, vipande vifupi vifupi, rundo kubwa. Nikauliza ni za nini. Akaniambia ni za kupandia majabali. Dada, huku hakuna jabali lisilopandika kwa miguu, na kamba zile hazizidi urefu wa mkono wangu, kiasi cha kufungia mikono ya mtu.

Ni mimi mdogo wako anayekuombea heri,
Hamisi