Sauti ya Antero Kichwani mwa Marjut

Jumatatu, 3 Machi

Kimewashwa! Kifaa walichompandikiza mke wangu nyuma ya sikio kimewashwa leo. Miaka tisa ya ukiziwi! Nikasema, "Marjut, mpenzi." Akakunja uso. Eti nakwaruza kama sufuria inayosuguliwa!

Mtaalamu akamtuliza: sikio limeshapata umeme wake, sasa ubongo ndio ujifunze kwamba kelele hizo ni maneno. Kwa sasa wanaume wote watakuwa sauti moja kwake, atawatambua kwa mwendo wa kusema tu. Atakayeongea naye sana ndiye atakayeeleweka kwanza.

Basi ni mimi. Nani mwingine?

Alhamisi, 6 Machi

Aibu. Miaka yote hii nimezoea kumsemesha kwa midomo tu, bila sauti — ya nini kupoteza pumzi? Sasa nasahau. Leo nimemsomea gazeti ukurasa mzima, ananitazama mdomo, anaitikia vizuri. Kumbe nilikuwa kimya!

"Toa sauti bwana, Ilpo! Mdomo wako nshausoma mpaka nimeuchoka."

Nikatoa. Nikaziba mdomo kwa gazeti, kama tulivyoagizwa. Hakuambulia hata neno.

Jumanne, 11 Machi

Antero wa nyumba ya pili kaja kunywa kahawa. Zamani alitangaza treni pale stesheni ya Kuopio. Kaziba mdomo kwa kikombe, kasema polepole, akipandisha mwisho wa kila sentensi: theluji imeangusha paa la banda lake. Marjut kayarudia yote. Yote! Akalia. Akamshika yule mzee mkono, si mimi.

Eti sasa atakuja kila siku, mazoezi. Namwonea wivu. Naandika wazi, maana hakuna wa kusoma. Nani alimkalimania kwa madaktari, dukani, kwa mama yake? Nimechumia juani, anayelia kivulini ni Antero.

Saunani, chumba chetu cha kuogea mvuke huko uani, lazima avue kipande cha nje cha kifaa, na bila hicho hasikii. Kwa hiyo naiwasha kila jioni. Mle kwenye mvuke anatazama midomo yangu tu. Leo kaguna: "Tena? Tutaiva!"

Jumamosi, 15 Machi

Nimejifunza. Bandani kwetu, peke yangu, nimejifunza kuongea kama Antero — polepole, mwisho unapanda. Marjut alikuwa kwenye sinki anamenya viazi, kanipa mgongo. Nikasema kwa mwendo huo: "Viazi hivyo vinatosha watu wangapi?"

Kaelewa! Neno kwa neno, bila kugeuka!

"Hata wewe vitakutosha, Antero. Umeingia saa ngapi, mbona sijasikia mlango?"

Ningesema ni mimi. Sikusema. Nikauliza, kwa mwendo uleule wa kuiba, "Na Ilpo je? Mnaelewana siku hizi?"

Kisu kikasimama. Akacheka kidogo, akashusha pumzi.

"Ilpo? Nikwambie kweli, Antero, ila usije ukamwambia —"

Nikatoka mbio. Niko huku saunani, moto sijawasha, mlango nimeufunga. Nyayo zake kwenye theluji. Anaita. Jina langu, au la yule? Mlango huu mnene, sisikii vizuri.