Samadi niliyomwagia mahindi ya Moraa

Alhamisi

Moraa, msichana wa kituo cha utafiti, amepima mahindi yangu leo mbele ya majirani: kipande cha shamba chenye mbegu yake mpya, kisha kipande chenye mbegu yetu ya zamani. Yake ilishinda kwa mbali. Akanikumbatia. "Magokoro, nyanya yangu, umeona? Sasa tutajua utafiti unamwinua mkulima kiasi gani!"

Aliniagiza vipande vyote viwili vipate samadi sawa. Lakini mtoto wa watu amekonda, anakula kwangu, na mkubwa wake humfokea. Sikutaka aaibike. Kila alipoondoka nilibeba karai la samadi, nikamwaga upande wake tu, kama ninavyomwekea mgeni nyama kubwa.

Jirani yangu Kwamboka ndiye amenikosesha raha. "Mbegu aliyoniachia mama nawapa kuku," akacheka. "Napanda ya Moraa tupu!" Huyo hana hata ng'ombe mmoja. Samadi ataitoa wapi? Na wale watoto wake, watakula nini?

Kesho namwambia Moraa ukweli wa samadi, alie akitaka. Halafu nampelekea Kwamboka ukweli huo na debe la mbegu ya zamani, na matusi yake nitayapokea pale pale mlangoni.