Neno Moja Lililozuia Lori

Alhamisi, mwezi wa saba. Mwihoko.

Leo jua halikutoka kabisa. Ni ile baridi ya gathano, kipupwe chetu, inayoingia hadi mifupani, na manyunyu yasiyotosha kuitwa mvua. Nimefika nyumbani, nimeweka chai. Siku tatu sasa nimekuwa mtu wa kushangaa, na nimeshindwa kushangaa peke yangu, ndiyo maana naandika.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: mimi ndiye ninayetunza kompyuta katika kiwanda kimoja cha makadamia Thika. Printa ni zangu, kamera za geti ni zangu, na seva ya barua pepe ni yangu, ile mashine inayopokea na kutuma barua zote za kampuni. Inakaa kwenye chumba kidogo kando ya stoo, na feni yake kuukuu. Nimeizoea hivi kwamba nikiingia asubuhi huwa naisalimia.

Wacha nikiri mapema, kabla sijaogopa.

Wiki tatu zilizopita, waliotengeneza programu ya hiyo seva walitoa tangazo: kuna tundu, wekeni marekebisho haraka. Nililisoma. Sikuyaweka. Mara ya mwisho nilipoweka marekebisho, seva ilikataa kuwaka hadi saa tisa alasiri, na kwa wiki nzima kantini waliniita Daktari wa Mochari. Nikajiambia lile watu wa kazi yangu hujiambia, kwamba kitu kikifanya kazi usikiguse. Nitaweka wikendi, nikasema. Wikendi zikaja tatu, zikaenda zao.

Jumanne saa tano asubuhi, Nafula alikuja mlangoni kwangu na laptop mkononi. Nafula ni Mluhya wa kutoka Bungoma, anakaa mtaa wa Landless, na mwezi huu ndiye anayesimamia upakiaji, kwa sababu Nyambura, mwenye kazi hiyo, yuko likizo ya uzazi. Alikuwa amepata barua kutoka kwa Mzee, mkurugenzi wetu. Lori la kawaida limeharibika, barua ilisema, kuna lingine linakuja lenye namba hii, apakie katoni zote za ile oda ya ng'ambo. Na asimpigie simu, yuko mazishini Murang'a.

Kweli Mzee alikuwa mazishini Murang'a, na simu yake ilikuwa imezimwa. Lori nalo lilikuwa tayari getini, injini ikinguruma.

"Hebu niangalilie kama hii ni ya Mzee," Nafula akasema.

Niliangalia. Niliangalia vizuri kabisa, na hapo ndipo pananiuma. Nilifungua rekodi za seva nikafuata barua ilikotoka. Haikutoka nje. Haikuwa na anwani ya kufananisha, ile ya kubadilisha herufi moja. Ilitoka ndani ya seva yetu wenyewe, kwenye akaunti ya Mzee, ikiendeleza mazungumzo ya wiki iliyopita, na sahihi yake chini.

"Ni yake, mia kwa mia," nikamwambia. "Pakia."

Nafula hakuondoka. Aliweka kidole mwanzo wa barua. *Maitu Nafula.*

Kwa asiye wa huku: maitu ni mama yangu, kwa Kikuyu. Mamake Mzee aliitwa Nyambura, na kwa desturi yetu mwenye jina la mama yako ni mama yako. Kwa hivyo Nyambura wetu wa upakiaji, aliye na umri wa bintiye, Mzee humwita Maitu. Humwita hivyo uwanjani na humwandikia hivyo kwenye barua. Hakuna mwingine kiwandani anayeitwa hivyo.

"Mimi nimekuwa mamake lini?" Nafula akauliza. "Mzee huniita Nafula kutoka hapa mpaka kwa geti. Hii si yeye."

Nilicheka. Nikamwambia labda mazishi yamemlainisha.

Alifunga laptop, akafunga stoo, akatia ufunguo kwenye mfuko wa dastkoti yake ya kazi, akaenda kuketi juu ya mizani ya magunia. Dereva akapiga honi. Meneja wa zamu akaja kumfokea kwamba anachelewesha oda. Mimi nami nilienda kumsihi, niseme ukweli wote, nikamwambia atapoteza kazi bure. Akakaa tu. Saa nane kasoro dereva alipigiwa simu, akageuza lori, akaenda bila kuaga mtu.

Saa tisa Mzee akawasha simu yake. Hakuwa ameandika barua yoyote.

Katoni zile ni nusu ya msimu mzima wa wakulima wa Gatundu na Gatanga. Mamangu mwenyewe ana miti sita kule Gatundu, na kila wiki huniuliza kama makadamia yake yameshavuka bahari.

Jana kutwa nilikuwa ndani ya seva. Nilitarajia kukuta vurugu, kama nyumba iliyovunjwa. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Tundu lenyewe nimelisoma mara nne na bado linanistaajabisha. Seva ina mlango wa mbele unaouliza neno la siri, na vyumba vya ndani vinavyomwamini yeyote aliyepitishwa na mlango. Mtu akituma ombi lililopangwa kwa namna fulani, mlango unamwona kama mmoja wa watumishi wa nyumba, unampitisha bila kumuuliza lolote. Akishaingia anaweza kuwa mtu yeyote: Mzee, mimi, Nyambura. Programu hiyo imeandikwa na watu werevu wengi, kwa miaka mingi, halafu mtu mmoja akaketi mahali akaona pale ambapo wote walipita. Sijui ni mtu wa namna gani. Namwogopa, na kusema kweli namheshimu.

Kwenye folda moja nilikuta faili isiyo yetu. Ndani yake mlikuwa na mstari mmoja wa msimbo, mfupi kuliko jina langu kamili. Kwa mstari huo wezi walikaa nasi siku kumi na moja, wakisoma barua zetu. Walijua oda, walijua lori, walijua marehemu ni nani na anazikwa lini. Waliona Mzee akiandika Maitu, wakadhani ndivyo anavyowasalimu wanawake wote.

Hilo tu ndilo lililowapita.

Na mimi je? Mkikuyu wa kuzaliwa, nililisoma neno hilo na macho yangu yakaliruka, kwa sababu nimelisikia tangu utotoni. Nafula alijifunza desturi zetu ukubwani, moja baada ya nyingine, akichunga asimkosee mtu.

Jana jioni niliyaweka marekebisho. Seva ilikaa kimya dakika arobaini, na hakuna aliyecheka.

Leo saa nne Mzee alitukusanya kantini. Akasema kijana wetu wa kompyuta amezuia wizi mkubwa. Akataja jina langu, watu wakapiga makofi. Nafula alikuwa akikoroga uji wake, hakuinua macho.

Ningeweza kukaa. Nilitaka sana kukaa.

Nilisimama nikasema kwamba mimi ndiye niliyemwambia Nafula apakie, na kwamba tundu lilikuwa wazi kwa sababu tangazo nililikalia wiki tatu. Mzee alinitazama mpaka nikaona haya.

"Wewe kuja ofisini kesho saa mbili," akasema. Kisha akavua kofia, akamgeukia Nafula. "Asante, Nafula."

Baadaye nilimpata Nafula pale pale kwenye mizani. Nilimuuliza kwa nini hakuniamini, na mimi ndiye mtu wa kompyuta.

"Wewe uliangalia imetoka wapi," akasema. "Mimi niliangalia inaongea na nani."

Kesho saa mbili, basi. Sijui kama nitatoka ofisini kwa Mzee nikiwa bado na kazi. Marekebisho mengine ya seva yalitangazwa leo saa kumi jioni. Niliyaweka kabla sijavaa koti la kwenda nyumbani.